Mbegu ya Kongosho

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, huwa nachunguza kwanza kama kwao kuna mgonjwa. Kama yupo, najibu kwamba nafundisha. Si uongo mtupu, maana nafundisha kidogo. Lakini kazi yangu hasa, iliyonizeesha macho kwenye hadubini, ni seli shina: zile seli changa ambazo bado hazijawa kitu, na ambazo ukizilea kwa uangalifu unaweza kuzielekeza ziwe za moyo, za neva au za kongosho. Kazi hiyo naipenda. Naiogopa pia, na woga wenyewe sikuupata maabara. Niliupata nyumbani, kwenye mlima wetu kati ya Soni na Bumbuli, kwa sababu ya neno moja nililolichagua mwenyewe.

Lilianza kama mzaha. Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya, mama aliniuliza nakwenda kufanya nini huko kwenye baridi kali kuliko ya kwetu. Nikamwambia nakwenda kushughulika na seli. Uso wake ukabadilika. Kwa mama, kama kwa nusu ya kijiji, hiyo ilikuwa selo, kile chumba cha polisi wanakolazwa walevi na wezi wa ng'ombe. Akataka kujua kama amenisomesha miaka yote ile ili nikawe askari jela. Kaka yangu alicheka mpaka chai ikamwagika. Nikajaribu kusema chembe, mama akasema chembe anazijua za mchele. Nikatazama nje, kwenye kitalu cha kaka cha miche ya kabichi, nikapata jibu.

"Basi ni mbegu, mama. Mbegu za mwili. Ukizipanda mahali pake, zinaota zikawa nyama ya mahali pale."

Mama akaelewa papo hapo. Akamweleza jirani kwa Kishambaa, jirani naye akaelewa, na mimi nikajiona hodari wa lugha kweli kweli. Nilisafiri na sifa hiyo kifuani.

Sikufikiri neno lile lilikuwa na uzito gani kwetu miaka hiyo. Soko lilikuwa limefunguliwa, na maduka ya pembejeo ya watu binafsi yalikuwa yamejaa Lushoto mjini. Mbegu zilikuja kwenye makopo yenye picha, kutoka nchi ambazo hatukuweza kuzitamka, na mtu aliyepanda kopo moja tu alivuna kabichi za kubebwa kwa mikono miwili. Wako waliouziwa makopo ya udanganyifu, wakapanda, wakaona udongo mtupu. Hata hao hawakuilaumu mbegu, walimlaumu mwenye duka. Ukisema "mbegu mpya" watu waliacha walichokuwa wakifanya wakakusikiliza. Na kwa mkulima wa kwetu, mbegu ikishaingia nyumbani haina kazi nyingine ila kupandwa.

Kisha akaugua binti wa kaka. Alikuwa na miaka tisa. Alikonda, akawa anakunywa maji ya ndoo nzima shuleni, usiku analowesha kitanda na kuona aibu. Hospitali ya Bumbuli wakasema ni kisukari kile cha watoto. Kongosho lake lilikuwa limeacha kutengeneza insulini, na atachomwa sindano asubuhi na jioni maisha yake yote. Wifi yangu alifundishwa kuchoma. Chupa ya dawa ilikaa kwenye mtungi mdogo uliofukiwa nusu kwenye mchanga mbichi, chumbani kwa mama, upande usiofikiwa na jua. Baada ya mwaka mmoja binti alikuwa anajichoma mwenyewe pajani bila hata kukunja uso, kisha anachukua daftari lake anakwenda shule.

Nilipoipata barua ya habari hiyo nilikuwa nashughulika na seli za panya, tukizilea ziwe misuli ya moyo. Nikaomba nihamie meza ya kongosho. Profesa wangu aliniuliza kwa nini, nikamwambia kwamba swali la kongosho linavutia zaidi kisayansi. Niliona haya kusema kwamba nina mtoto nyumbani. Mimi ni shangazi yake, na kwetu shangazi ni baba wa kike, lakini maneno kama hayo hayaandikwi kwenye fomu ya maombi.

Seli hulishwa kila siku, kama ng'ombe wa zizini. Hazijui Jumapili wala Idi. Unaamka, unafungua kabati la joto, unatoa visahani kimoja kimoja, unaondoa majimaji ya jana na kutia mapya, huku unaomba usione wingu. Wingu ni kuvu. Likiingia kwenye kisahani kimoja, kesho yake limeingia kwenye vyote, na miezi sita yako inakwenda kwenye ndoo ya taka. Nilikuwa nafungua mlango wa kabati lile kwa hofu ya mtu anayefungua barua ya msiba. Wenzangu walinicheka kwamba nanong'ona. Nilikuwa nasoma dua.

Ikafika siku tukawawekea seli zetu panya wachache wenye kisukari, na sukari yao ikashuka. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi za jengo. Siku hiyo hiyo niliandika barua nyumbani: mbegu zimeota.

Barua ya pili, niliyopaswa kuiandika wiki chache baadaye, sikuiandika. Baadhi ya panya wale walianza kuvimba tumbo. Tuliwapasua. Seli ambazo hazikuelekezwa sawasawa zilikuwa zimeendelea kuota zikawa chochote zilichotaka. Ndani ya uvimbe mmoja kulikuwa na nywele, kipande cha mfupa, na kitu cheupe nilichokitazama mara mbili kabla ya kukubali kwamba ni jino. Jino, ndani ya tumbo la panya. Niliosha mikono mpaka ngozi ikauma. Usiku na mchana nilikuwa na wazo moja tu, kwamba tumbo lile lingeweza kuwa la binti wa kaka, na mkono uliopanda ungekuwa wangu.

Kwa nini sikuwaandikia? Mama alipenda kusema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijidanganya kwamba nauchunga ulimi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwavunja moyo, na nikaogopa zaidi kuacha kuwa yule msomi anayeleta habari njema. Kaka alikuwa ananitania kwenye barua, ananiita daktari wa panya, lakini kila barua yake ilimalizia na swali moja: na ile mbegu imefikia wapi? Nami nilijibu kila mara kwamba tuko karibu. Karibu ya mtafiti ni miaka ishirini. Karibu ya mkulima ni msimu ujao.

Nilikwenda likizo binti akiwa na miaka kumi na tatu. Kabla sijaondoka nilipiga simu kwenye duka la Soni lenye simu, nikaacha ujumbe kwa kaka kwamba nakuja na kitu kipya cha mtoto. Kitu chenyewe kilikuwa insulini ya aina mpya, nzuri kuliko ile ya mtungini, ya kumtosha miezi kadhaa, pamoja na mashine ndogo ya kupima sukari. Niliibeba kwenye sanduku la baridi la rangi ya buluu lenye barafu, na sikukubali mtu yeyote anishikie njiani.

Nilikuta ua umefagiwa, majirani wamekaa, mama amevaa kanga mpya. Binti alikuwa ameogeshwa na kukalishwa kwenye mkeka katikati ya baraza. Akaniamkia, nikaitikia, nikamkumbatia, nikadhani shughuli yote ile ni heshima ya mgeni. Nikafungua sanduku. Watu wakasogea kuona.

"Hii ndiyo mpya," nikasema. "Ile ya mtungini iwekeni pembeni kwanza."

Nikamchoma mimi mwenyewe, pajani. Mama akainua mikono akaomba dua ndefu, wote wakaitikia amina. Wifi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nakumbuka niliguswa sana, na nakumbuka sikujiuliza hata kidogo ni nani anayelilia sindano ambayo mtoto ameshachomwa maelfu ya mara. Sikuwa kipofu. Nilifurahi tu kutazamwa.

Tulikuwa bado tunakula ilipokuja habari kwamba mwalimu wangu wa baiolojia, mtawa mzee aliyestaafu, amefariki Rangwi, kwenye shule ya masista. Yeye ndiye aliyenionyesha hadubini kwa mara ya kwanza, akiwa na ngozi ya kitunguu kwenye kioo. Ilinibidi niondoke mchana ule ule niwahi gari. Nikamwonyesha wifi sanduku, nikamwambia nyingine zimo humu, mnajua wenyewe la kufanya. Walikuwa wamechoma sindano miaka minne. Nani angefikiri wanahitaji somo?

Rangwi nilikaa siku tatu. Tulizika, nikasaidia kupika, nikazungumza na wasichana wa shule kuhusu sayansi kwa sababu masista waliniomba. Siku ya nne asubuhi nikashuka Soni. Pale gulioni nilimkuta mama mmoja anayeuza nyanya jirani na meza ya kaka. Akaacha wateja wake akanishika mikono yote miwili.

"Hongera, mwanangu. Tumesikia mmempandia mtoto. Wanasema imeshika, anakunywa maji kweli kweli."

Nilimuuliza anakunywa maji namna gani. Akasema tangu juzi haachi kata, na bibi yake anafurahi, maana mbegu gani isiyotaka maji?

Sikumuaga. Nilikimbia mpaka kwenye lori la kabichi lililokuwa linapanda tupu kuelekea Bumbuli, nikamwomba dereva anipakie, na kwa kuwa mbele kulikuwa kumejaa nilikaa nyuma juu ya magunia. Njia nzima nilihesabu. Niliondoka mchana. Jioni ile hakuchomwa. Kesho yake asubuhi na jioni hakuchomwa. Kesho kutwa yake tena. Nilihesabu kwa vidole, na nilipofika kidole cha sita nikarudia tangu mwanzo, labda nimekosea. Kuna wanaosema hofu inaganda. Yangu ilikuwa inatembea, kila kona ya barabara ile inapanda nami. Nilikuwa najua, kwa maneno ya vitabu na kwa panya niliowaona, kinachotokea kwenye mwili usio na insulini siku baada ya siku. Ujuzi haukunisaidia chochote. Uliniongezea picha tu.

Nilimwomba dereva asubiri chini ya kijiji. Nikapanda njia ya mashambani, nikaanguka mara moja kwenye utelezi, nikafika ua umetulia. Binti alikuwa amelazwa barazani penye jua, amefunikwa kanga, mama ameketi kichwani kwake na jagi. Kabla sijamgusa nilisikia harufu ya pumzi yake, tamu, ya matunda yaliyoiva mpaka yakaharibika. Alikuwa anahema kwa nguvu na kwa kina, macho nusu wazi, na midomo imepasuka.

"Usimwamshe," mama akaninong'oneza. "Inashika. Asubuhi ametapika, nikasema ni mwili unaipokea."

Nikaingia ndani kulifungua sanduku. Barafu ilikuwa imeyeyuka zamani. Chupa zote zilikuwemo, na isipokuwa ile moja niliyoifungua mimi, zote zilikuwa na vifuniko vyake. Wifi alikuja nyuma yangu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeogopa amekosea, kwamba zile wamezitunza za kurudishia. Kila mkulima hubakiza mbegu kidogo za kurudishia, kwenye mashimo ambayo hayakuota. Walikuwa wamefanya kama watu waangalifu wanavyofanya.

Nikampima. Mashine haikuandika namba, iliandika herufi mbili tu za kusema kwamba sukari imepita kipimo chake. Nilichota dawa mara tatu ndipo nikapata kiasi. Mimi ni daktari wa karatasi, sijawahi kutibu mtu. Nikamchoma kiasi kile alichokuwa anajichoma asubuhi, nikamwita kaka shambani kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alikuja na jembe mkononi. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akamweka mgongoni akashuka naye mbio mpaka kwenye lori.

Tulikaa nyuma, kichwa cha binti mapajani mwangu. Kila pumzi yake niliisubiri niione inakuja. Wifi alikuwa ameshika miguu yake. Tulipofika kwenye mashamba ya chai, kaka akasema bila kunigeukia:

"Ina maana hukupanda?"

"Ilikuwa insulini, kaka. Ile ile, ila ya aina nyingine. Mbegu bado haipo. Haijafika kwa watu."

Gari liliyumba, akaweka mkono wake kuzuia kichwa cha mwanawe kisigonge ubao.

"Barua zako ninazo zote," akasema.

Hakuongeza neno. Heri angenitukana. Kaka yangu ni mtu wa maneno mengi, anayeweza kumtania hata shehe, na kimya chake kiliniogopesha karibu sawa na pumzi zile.

Hospitali walimpokea upesi. Wakamtundikia maji, wakaanza kumpa insulini kidogo kidogo, wakampima na kumpima. Daktari wa zamu, kijana mpole mwenye koti fupi mikononi, alituuliza ni nani aliyetuambia tuache sindano. Nilifungua kinywa. Kaka akaniwahi, akasema tulielewa vibaya nyumbani, sisi wenyewe. Daktari akaandika. Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema, na sikusema. Naandika haya kwa sababu hiyo pia.

Siku hiyo na iliyofuata sikutoka kwenye benchi la nje ya wodi. Nilikuwa nasikiliza viatu vya manesi. Kiatu kikienda haraka, moyo unanipasuka. Kikienda polepole, naogopa kwamba hakuna tena cha kukimbilia. Mama alifika kwa miguu na jamaa wengine, akaketi karibu nami, akaniuliza kwa Kishambaa kama yeye ndiye anayemuua mjukuu wake kwa yale maji. Nikamwambia hapana, maji ndiyo yaliyomkinga asife mapema. Hiyo ilikuwa kweli, na alihitaji kuisikia. Nikamwambia pia habari ya panya waliovimba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa, akasema kumbe mbegu zenyewe zina magugu.

Asubuhi ya tatu binti aliamka akiwa yeye. Uso ulikuwa umerudi na macho yake makali ya darasani. Nesi wa zamu alikuwa anaandaa sindano ya asubuhi kwenye sinia, akaniruhusu niingie.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Imekufa?"

Nilijua anauliza nini. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia mbegu haikuwepo. Nikamweleza yote, kuanzia panya waliopona mpaka wale waliovimba, na nywele, na lile jino. Sikupunguza. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na pengine sikupaswa kumwambia mtoto mgonjwa mambo kama yale, lakini nilikuwa nimeshaona kukaa kimya kumetufikisha wapi. Hakutoa machozi. Aliniuliza kama ningekuwa nayo kwenye sanduku, ningempandia. Nikasema hapana, ningeogopa. Akauliza mpaka lini.

"Sijui," nikasema. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kumwandikia yeyote nyumbani neno hilo.

Akageuza uso ukutani kidogo. Nesi akasema muda wa sindano umefika, na kwa kuwa mimi ni mtu wa familia, akanikabidhi bomba. Nikalichukua. Nikasogeza shuka ili nipate paja. Binti akaweka mkono wake juu ya wangu, bila hasira, akauondoa wangu pajani.

Akachukua bomba, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kiasi. Kisha akaomba chupa. Akalisoma jina lake herufi kwa herufi, midomo ikitikisika, akaigeuza akasoma na upande wa pili.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni insulini.

Akamgeukia nesi, akamuuliza swali lile lile.